Tupande Nyanya Nyumbani, Tuzilinde Pamoja



Wiki hii ukienda sokoni, shika nyanya moja uitazame vizuri kabla ya kulipa. Mara nyingi utaona vumbi jeupe karibu na kikonyo. Wengi wetu tunaipangusa kwa leso, tunaitia kwenye kiondo na kwenda zetu. Mtoto naye akiona imeiva, anaiuma hapo hapo njiani. Lile vumbi si la barabarani. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu, na kama bado linaonekana kwa macho, huenda nyanya ilichumwa kabla ya siku za kungojea kwisha.

Hatusemi hivi ili tumlaumu mkulima. Yeye ana deni la mbegu, ana karo, na anajua vile shamba la nyanya laweza kuwa kijani Jumapili na likawa jeusi Jumapili inayofuata. Anaogopa, kwa hiyo ananyunyiza. Lakini sisi wenye kipande kidogo kando ya jiko tuna nafasi ambayo yeye hana. Mashina 24 mtu anaweza kuyaangalia moja moja kila asubuhi kabla chai haijachemka. Katika makala hii tutaona jinsi ya kuyapanda, na jinsi ya kuyalinda bila kuishi kwa bomba la dawa. Tutaona pia kwa nini kazi hii haiwezi kufaulu kama kila mtu yuko peke yake.

KISA CHA NYUMBA 18

Kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja, kilikuwa na wanachama 18. Walikubaliana kila mmoja apande nyanya nyumbani kwake. Walitumia pesa za merigoraundi za miezi miwili kununua mbegu, mbolea na bomba moja la kunyunyizia. Miche ilihamishwa mwezi wa nne, mvua ya masika ikiwa imeshika. Ilikua vizuri, hata watu wa vijiji vingine wakaja kuona.

Mwanzo wa mwezi wa sita mzee mmoja aliona madoa meusi kwenye mashina matatu. Mkewe akamwambia, "Mzee, hizi si tuzing'oe?" Akajibu, "Ngoja kwanza, ziko na matunda. Jumamosi nitachukua bomba ninyunyize." Jumamosi ilinyesha tangu asubuhi. Jumatatu mashina yote ya mzee yalikuwa yamekauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Siku chache baadaye jirani wa bondeni akaona madoa hayo hayo, kisha jirani yake. Baada ya wiki tatu nyumba 14 hazikuwa na nyanya tena.

Pesa zilipotea, lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Watu walianza kulaumiana. Wengine walisema mbegu ilikuwa mbaya, wengine wakasema mweka hazina alinunua dawa bandia, na wengine wakanong'ona mambo ya jicho baya. Mikutano miwili ikakosa watu.

Kumbe hakukuwa na jicho baya. Ulikuwa ugonjwa unaojulikana, na mashina matatu yangeng'olewa siku ile ya kwanza, huenda kikundi kingevuna.

TUMJUE ADUI

Wakulima wengi huuita ugonjwa huu bilaiti. Vitabuni huitwa baka chelewa. Wengine husema tu kwamba nyanya "zimechomwa na baridi," kwa sababu huja wakati wa mvua, ukungu na baridi. Lakini baridi peke yake haichomi namna hiyo. Ni kimelea kidogo sana kisichoonekana kwa macho, ambacho hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Kikitua kwenye jani kavu, hakifanyi kitu. Kikitua kwenye jani lililolowa kwa saa nyingi, kinaota na kuingia ndani.

Ndiyo maana tunasema na kurudia: adui wa kwanza wa nyanya ni jani kulowa.

Ugonjwa huo huo hushambulia waru. Ndio uliooza viazi vya nchi ya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Kwa hiyo si jambo la kucheka nalo.

Hapa tukumbuke ukoo wa nyanya. Nyanya, waru, biringanya, pilipili hoho, pilipili kali, tumbaku na managu ni ndugu wa ukoo mmoja. Wengi wanashangaa kusikia managu imo. Mama anang'oa nyanya zilizougua, halafu pale pale anapanda managu akifikiri amebadilisha mmea. Hajabadilisha. Amemletea adui chakula kingine kwenye sahani ile ile.

KUCHAGUA MAHALI

Chagua mahali penye jua angalau saa sita kwa siku, hasa jua la asubuhi linalokausha umande mapema. Usipande chini ya mwembe au mparachichi kwa sababu ya kivuli. Mahali panapotuama maji hapafai kabisa.

Pawe mahali ambapo kwa miaka mitatu hapajapandwa mmoja wa ule ukoo tuliotaja. Kama una kipande kimoja tu, kigawe mara nne. Sehemu ya kwanza panda nyanya, ya pili maharagwe au kunde, ya tatu sukuma wiki au kabeji, ya nne vitunguu, karoti na dania. Kila msimu nyanya zihame sehemu moja. Kwa misimu miwili kwa mwaka, zitarudi zilipoanzia baada ya miaka miwili. Si miaka mitatu, lakini ni bora mara nyingi kuliko kurudia hapo hapo.

Tuta la urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2 linatosha mistari miwili. Acha sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 50 kati ya shina na shina. Hayo ni mashina 24. Usishawishike kubananisha. Mashina yaliyobanana hayapati upepo, na pasipo upepo majani hayakauki.

Kama nyumba yako ina upenu mpana, jaribu mashina manne au matano ukutani upande unaopata jua la asubuhi, ndani ya mstari ambapo maji ya paa hudondoka. Mvua ya masika haitayalowesha. Utayamwagilia wewe mwenyewe.

MBEGU

Kuna nyanya za aina mbili kwa namna zinavyokua. Aina ya kwanza hurefuka bila kukoma na lazima iwekewe miti, kama Money Maker. Aina ya pili hukua kama kichaka kifupi na kuivisha matunda yake karibu kwa pamoja, kama Cal J. Mwenye kuuza kreti kwa siku moja hupenda hii ya pili. Kwa nyumbani, ile ndefu ni nzuri kwa sababu unachuma kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na majani yake hukaa juu mbali na matope.

Ukiona F1 kwenye pakiti, hiyo ni mbegu chotara. Nyingi za hizo huzaa vizuri, na nyingine huvumilia magonjwa fulani, lakini bei yake ni ya juu, na mbegu utakayotoa kwenye matunda yake haitafanana na mama yake. Soma pakiti ujue inavumilia ugonjwa gani. Usiambiwe tu "hii haishikwi na kitu." Mbegu ya namna hiyo haipo.

Gramu moja ya mbegu za nyanya huwa na mbegu kama 250 au 300. Kwa hiyo pakiti ndogo ya gramu 10 ina mbegu zaidi ya 2,000. Kikundi cha watu 20, kila mmoja na mashina 24, kinahitaji miche 480 tu. Basi kwa nini kila mtu aende dukani kivyake? Nunueni pakiti moja pamoja, na muhakikishe imefungwa vizuri na tarehe haijapita.

KITALU

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote, kwa maana kitalu cha kikundi kikiugua, kila nyumba imepelekewa ugonjwa.

1. Tayarisheni tuta la upana wa mita moja, lililoinuka kama sentimita 15. Pasiwe mahali palipopandwa nyanya, waru wala managu.

2. Tandazeni nyasi kavu au mabua juu ya udongo mchome moto. Joto hupunguza wadudu na magonjwa ya juu ya udongo. Mahali pengine watu humwaga maji yanayochemka. Ngojeni udongo upoe.

3. Changanyeni samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaunguza mizizi.

4. Chora mistari ya kina cha sentimita moja, umbali wa sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine. Weka mbegu moja moja, usimwage kama unapanda wimbi. Funika kwa udongo laini, kisha nyasi kavu nyembamba.

5. Mwagilia polepole. Baada ya siku 5 hadi 10 mbegu zitachomoza. Siku hiyo hiyo ondoa nyasi na ujenge kivuli chepesi juu. Ukichelewa, miche itakuwa mirefu na mwembamba kama watoto waliolelewa gizani.

6. Ng'oa iliyobanana, ibaki nafasi ya sentimita 3.

7. Siku kumi za mwisho punguza maji na kivuli polepole ili miche izoee shida.

Miche huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15 na shina nene kama kalamu ya risasi. Mche wenye madoa au uliojikunja usigawiwe mtu. Msioneane haya hapo.

KUHAMISHA

Hamisha jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza ili miche itoke na udongo wake. Katika kila shimo tia viganja viwili vya samadi iliyooza au mboji, uchanganye na udongo. Anayetumia mbolea ya duka aina ya DAP aweke kijiko kimoja cha chai na achanganye sana, isiguse mizizi.

Panda mche ukiwa umezama hadi karibu na majani ya kwanza. Nyanya si kama sukuma wiki. Sehemu ya shina iliyozikwa itatoa mizizi, na mmea utakuwa na nguvu.

Simika fito za urefu wa mita 1.5 hadi 2 siku hiyo hiyo. Ukingoja hadi mmea uwe mkubwa, utakata mizizi. Funga kwa utepe wa nguo kuukuu au kamba ya mgomba, ikizunguka kama namba 8 ili shina lisibanwe. Fito zilizotumika kwa nyanya zilizougua zisirudishwe shambani. Zipeleke jikoni zipike chakula.

Kisha tandaza nyasi kavu chini, ila zisiguse shina. Wengi hudhani nyasi ni za kuhifadhi unyevu tu. Kazi yake nyingine ni kubwa zaidi: tone la mvua likigonga udongo mtupu, hurusha matope hadi majani ya chini, na matope hayo hubeba magonjwa. Nyasi huzuia hilo.

MAJI

Mwagilia asubuhi, chini ya shina, si juu ya majani. Ukimwagilia jioni kwa kumwaga juu, umeyalaza majani yakiwa yamelowa usiku kucha, na tumeona nani anangoja hilo. Mche mchanga hutosheka na kama lita moja kwa siku wakati wa kiangazi. Ukizaa unaweza kuhitaji lita mbili, kulingana na udongo wako.

Maji ya kusuuza vyombo na mboga yanafaa. Yale yenye povu zito la sabuni ya unga yamwage penginepo. Njia nyingine rahisi ni chupa ya plastiki. Toboa matundu madogo manne karibu na mdomo, ikate kitako, izike kichwa chini kando ya shina, na uijaze asubuhi. Maji yataenda kwenye mizizi polepole, na majani yatabaki makavu.

Jambo kubwa ni kutopitisha siku. Ukiona nyanya imeoza kitako, yaani chini pamekuwa peusi na pamebonyea, huo si ugonjwa wa kuambukiza wala hauhitaji dawa ya ukungu. Mmea umekosa madini ya chokaa kwenye tunda, na mara nyingi ni kwa sababu leo ulipewa maji mengi, halafu siku nne hakuna. Nyanya kupasuka ngozi nako mara nyingi ni matokeo ya hali hiyo hiyo.

KUPOGOA

Kwa nyanya ndefu, angalia kwapani, pale jani linapoungana na shina. Hapo huchipuka tawi dogo. Litoe kwa vidole likiwa bado dogo, uache shina kuu moja au mawili. Majani ya chini yanayogusa ardhi yaondoe pia. Fanya hivyo jua likiwa limetoka, ili kidonda kikauke. Nyanya fupi za kichaka usizipogoe hivyo, utaondoa matunda.

Wanaovuta sigara au kutumia ugoro wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika nyanya. Tumbaku ni ndugu ya nyanya, na inaweza kubeba virusi vinavyofanya majani yawe na mabaka ya manjano na kujikunja.

JICHO LA KILA ASUBUHI

Pita kila asubuhi. Geuza majani uone chini yake. Hivi ndivyo vya kutafuta:

Bilaiti (baka chelewa). Madoa makubwa yenye rangi ya kijani iliyoiva au nyeusi, kama yaliyolowa maji. Asubuhi kukiwa na unyevu, chini ya jani utaona utando mweupe. Shina linakuwa la kahawia, na tunda linapata mabaka magumu ya kahawia. Ng'oa mmea wote mara moja, utie ndani ya gunia kabla ya kuubeba, uuchome au uuzike kwa kina. Usingoje Jumamosi.

Baka mapema. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yakianza kwenye majani ya chini yaliyozeeka. Huu huenda polepole. Toa majani yenye madoa, uyachome, na ongeza mboji, kwa sababu mmea wenye njaa ndio hushikwa zaidi.

Mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka ghafla ukiwa bado kijani, hata kama kuna maji. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Hauna dawa. Ng'oa, choma, osha jembe na viatu, na usipande ukoo wa nyanya hapo kwa miaka mingi, maana hukaa udongoni.

Tuta. Huyu ni nondo mdogo aliyetoka Amerika Kusini. Hapa Kenya alitambuliwa katika miaka ya 2013 na 2014, kwa hiyo wazee wetu hawakumjua. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe kama karatasi, kisha hutoboa tunda. Chuma majani na matunda aliyoingia, yafunge ndani ya mfuko wa plastiki na uuache juani hadi vyote vife. Usitupe kwenye mboji, utakuwa unamfuga.

Utitiri mwekundu na inzi weupe. Hawa hupenda kiangazi. Utitiri huacha vidoa vya manjano na utando mwembamba kama wa buibui chini ya majani. Inzi weupe huruka ukitikisa mmea. Tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji na unyunyize chini ya majani jioni. Wenye mwarobaini wanaweza kutwanga gramu 50 za mbegu zake, kuziloweka usiku kucha ndani ya lita moja ya maji, kuchuja na kunyunyiza. Itabidi kurudia baada ya wiki moja.

DAWA ZA DUKANI

Hatusemi dawa ni dhambi. Mahali penye baridi na ukungu mwingi kuna misimu ambayo bila dawa huwezi kuvuna. Lakini tuelewe zinavyofanya kazi. Dawa nyingi za ukungu, zikiwemo zile zinazoacha vumbi jeupe, hukinga jani ambalo bado ni zima. Haziponyi lililokwisha kuugua. Kunyunyiza shina lililooza ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa tayari jikoni.

Ukilazimika kutumia, zingatia haya:

- Soma lebo, au mwombe kijana anayesoma akusomee. Kila lebo ina siku za kungojea, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyiza na kuchuma. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Kabla ya siku hizo, hata moja isiingie jikoni wala sokoni.
- Chuma zilizoiva kwanza, ndipo unyunyize.
- Usizidishe kipimo. Kifuniko cha ziada hakiui zaidi, ila kinakumalizia pesa na afya.
- Vaa nguo ndefu, viatu vya mpira, glavu na kitambaa puani. Usinyunyize dhidi ya upepo. Watoto na mama mjamzito wakae mbali.
- Chupa ya dawa isitumike kuwekea maziwa, maji wala mafuta, hata ukiiosha mara kumi.

Kuosha nyanya ya sokoni kwa maji mengi na kuisugua kwa mkono kunapunguza dawa iliyo juu. Iliyoingia ndani haioshwi. Ndiyo sababu siku za kungojea zina maana.

KUVUNA, NA MBEGU YA KESHO

Tangu kuhamisha hadi kuchuma ni kama miezi miwili na nusu hadi mitatu. Za kuuza mbali chuma zikianza kugeuka rangi. Za nyumbani ziache ziive kwenye shina. Shina lililotunzwa vizuri linaweza kukupa kilo 2 au zaidi. Kwa mashina 24 hizo ni karibu kilo 48, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Piga hesabu wewe mwenyewe kwa bei ya soko lenu.

Kama ni aina isiyo chotara, chagua mapema shina moja lenye afya kuliko yote, ulifunge utepe mwekundu ili watoto wasichume. Matunda yake yakiiva kabisa, kamua mbegu ndani ya kikombe na ziache zichache kwa siku mbili au tatu. Zioshe, uzianike kivulini juu ya sahani, kisha uzifunge kwenye karatasi na kuandika mwezi na mwaka. Kamwe usitoe mbegu kwenye shina lililougua eti kwa sababu tunda lake lilikuwa kubwa.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa turudi kwa zile nyumba 18. Mtu anaweza kufanya yote tuliyoandika na bado akapoteza nyanya, kama jirani yake ameacha mashina yaliyougua yakisimama. Upepo haujui mpaka. Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kikubaliane mambo matano na kuyaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu:

Kwanza, mgawanyike makundi matatu, kila moja lipande mwezi mmoja baada ya jingine. Hivyo kijiji kitakuwa na nyanya kwa muda mrefu, na hamtafika sokoni wote siku moja kumfurahisha dalali.

Pili, wanachama wawili watembelee nyumba zote mara moja kwa wiki. Wakati wa mvua iwe mara mbili. Waanzie kwenye nyanya nzima na kumalizia kwenye zinazoshukiwa, na wanawe mikono wakitoka kila nyumba.

Tatu, atakayeona madoa aseme siku hiyo hiyo. Asichekwe wala kulaumiwa. Mtu akijua atachekwa, ataficha, na akificha wote mtaumia.

Nne, mashina yaliyougua yang'olewe siku hiyo, hata kama yana matunda.

Tano, na hili ndilo gumu: anayeng'oa mapema asibaki mkono mtupu. Kila anayevuna amtolee kilo moja. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona matunda na amefikiria watoto wake. Angejua kwamba akiyang'oa yale matatu wenzake watamjazia kikapu, asingengoja Jumamosi.

Kanisani tunafundishwa kumpenda jirani, na mara nyingi tunafikiria mambo makubwa. Msimu huu, kumpenda jirani kunaweza kuwa kung'oa mashina matatu ya nyanya asubuhi na mapema, bila kuambiwa na mtu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni mwezi gani nyanya huharibika zaidi? Wakati huo hali ya hewa huwaje?

2. Ni nani kati yetu amewahi kupanda managu au waru mahali palipokuwa na nyanya? Kulitokea nini?

3. Tunaponunua dawa, nani husoma lebo? Tunazijua siku za kungojea za dawa tuliyo nayo sasa?

4. Kama mwanachama akilazimika kung'oa mashina yote 24, kikundi kitamsaidiaje?

5. Kitalu chetu cha pamoja kitakuwa kwa nani, na nani atakikagua kabla ya miche kugawiwa?

Mkishajadiliana, anzeni. Msingoje mradi wala mfadhili. Pakiti moja ya mbegu, samadi ya boma na fito za kichakani vinatosha kuanzia. Mungu aibariki kazi yenu.